Kifungo cha Kiti cha Saba

Kitu cha kwanza walichofundishwa kwenye kasino ile kilikuwa kupiga kofi, kabla hata ya kushika karata.

"Ukiondoka mezani, hata kama ni kwenda msalani, unapiga kofi moja," mwalimu alisema. "Halafu unageuza viganja, juu na chini. Watu waone hujabeba kitu. Na meza nayo ione."

Wanafunzi walikuwa saba, na hilo la meza kuona liliwachekesha. Hata Fundi alicheka. Fundi ni jina walilompa wenzake, maana alikuwa ameshona miaka kumi na miwili katika kiwanda cha nguo, mpaka kiwanda kilipofunga milango na kuwaacha wafanyakazi kwenye mataa. Alikuwa na binti mmoja wa miaka saba, na baba wa mtoto alikuwa amejiendea zake zamani. Kazi hii ya kugawa karata alikuwa ameitafuta kwa udi na uvumba.

Walijifunza mchana, ukumbi ukiwa mtupu na viti vimepinduliwa juu ya meza nyingine. Mchezo wenyewe, ule wa ishirini na moja ambao wachezaji huuita blakjaki, Fundi aliushika upesi. Mchezaji hupewa karata mbili, naye hutaka kuikaribia ishirini na moja bila kuipita. Karata za picha zote huhesabiwa kumi. Akitaka karata nyingine hasemi, hugonga meza kwa vidole viwili. Akitosheka, hupitisha kiganja juu ya kitambaa cha meza. Mgawaji naye ana karata zake, ila hana hiari. Akiwa na kumi na sita au pungufu, lazima aongeze. Akifika kumi na saba, lazima aache.

"Mgawaji hachagui," mwalimu alirudia kila siku, mpaka wakawa wanamwigiza akiwapa mgongo.

Hata sare zao zilikuwa na masharti. Mifuko ya vizibao ilitakiwa kushonwa, mgawaji asiwe na pa kuficha kitu, na kazi hiyo akapewa Fundi. Alivishona vyote saba kwa mkono, akamalizia kila mshono kwa fundo la mizunguko mitatu alilorithi kwa mama yake. Kiwandani kote hakuna mwingine aliyelijua.

Meza ya mafunzo ilikuwa na viti saba. Mwanafunzi mmoja aligawa, sita wakakaa, na kiti cha mwisho, cha kushoto karibu na ukuta, kikabaki kitupu. Mwalimu hakuruhusu kukigawia. Hakueleza kwa nini.

Jumatano ya wiki ya tatu, saa saba mchana, wenzake walikwenda kula. Mtihani ulikuwa Ijumaa, kwa hiyo Fundi akabaki kufanya mazoezi peke yake. Aliwaza kwamba viti vikiwa vitupu vyote, basi kimoja hakiwezi kuwa na ubaya kuliko vingine. Akagawa kwa vyote saba.

Wanafunzi hawakupewa vibao vya dau, vile vya plastiki vinavyowekwa badala ya pesa, hivyo walitumia vifungo kutoka kopo lake la kushonea. Siku hiyo koponi vilibaki sita. Cha saba akakitoa kwenye mkoba, kifungo cha bluu kilichokatika kwenye gauni la shule la binti yake. Alikuwa ameahidi kukishona jioni. Akakiweka mbele ya kiti cha mwisho.

Alicheza karata za viti sita mwenyewe, akigonga na kujijibu. Alipofika kwenye kiti cha saba, karata zilikuwa mfalme na nne. Kumi na nne. Akasita kidogo, akifikiria.

Meza ikagongwa. Mara mbili.

Alidhani ni bomba la maji ukutani. Ikagongwa tena, na safari hii aliona kitambaa kikibonyea mahali pawili, pembeni mwa karata. Mkono wake uliozoea ukatoa karata kabla yeye hajaamua. Mbili. Sasa kumi na sita.

Kitambaa kikabonyea tena. Tak, tak.

Fundi alikimbia. Aliacha karata, aliacha kopo, aliacha kifungo. Alipofika kituo cha basi ndipo alipokumbuka kwamba hakupiga kofi wala hakugeuza viganja.

Jioni binti yake alirudi shuleni kimya. Chakula alikitazama tu. Akaweka vidole viwili juu ya meza, akagonga mara mbili.

"Nani kakufundisha hivyo?"

Mtoto akagonga tena, taratibu, macho yakiwa kwenye kiti ambacho hakuna aliyekikalia. Usiku huo hakulala. Asubuhi mikono yake yote ilikuwa baridi, na hata alipoitwa jina hakugeuka. Aligonga tu. Fundi alimwacha kwa jirani na kurudi kasino. Hakuwahi kuogopa namna ile maishani mwake.

Mwalimu alikuwa akimsubiri mlangoni.

"Karata zako sijazigusa," alinong'ona. "Nimezifunika na shuka. Pale kwenye kiti cha mwisho uliweka nini?"

"Kifungo, mwalimu."

"Cha nani?"

"Cha mwanangu."

Mwalimu akashusha pumzi. Alimweleza kwa maneno machache kwamba palikuwa na mteja aliyependa kiti kile. Siku moja aligonga kuomba karata, na mgawaji akaitwa kwenye simu kabla ya kumpa. Aliporudi alimkuta mzee wa watu ameinama, amekufa, vidole viwili bado viko mezani.

"Mgawaji alikuwa nani?"

Mwalimu alitazama viganja vyake, juu na chini.

"Nenda ukamalize," alisema. "Akishinda, kilichowekwa anaondoka nacho. Ukishinda wewe, kinarudi kwako. Lakini umalize kwa haki, dada yangu. Mgawaji hachagui."

Ukumbi ulikuwa mtupu. Fundi akavuta shuka. Kifungo kilikuwa pale pale.

Tak, tak.

Akampa karata. Nne. Ishirini.

Alingoja. Kitambaa kikalala upande mmoja, polepole, kikifuata kiganja ambacho hakikuonekana. Ametosheka.

Fundi akafunua zake. Malkia na sita. Kumi na sita. Lazima aongeze.

Akainua ncha ya karata ya juu kwa kidole gumba, kidogo tu. Tisa ya kopa. Ishirini na tano. Angekuwa amepoteza.

Miaka kumi na miwili vidole vyake vilikuwa vimetenganisha nguo mbili zilizolaliana bila macho kusaidia. Akaishika tisa ibaki mahali pake. Akavuta ya chini yake.

Tano. Ishirini na moja.

Hakuna kilichogonga. Hakuna kilichosogea. Alikichukua kifungo, akapiga kofi moja, akageuza viganja. Vilikuwa vitupu.

Alipofika kwa jirani, binti yake alikuwa amekaa kizingitini akila embe, analalamika kwamba mama amechelewa. Fundi alimkumbatia mpaka mtoto akamsukuma. Jioni alikishona kifungo kwenye gauni kwa uzi wa bluu, mizunguko mitatu, na akalia kwa furaha pasipo kuficha.

Ijumaa alfajiri, binti yake akiwa bado amelala, alivaa kizibao kwenda kwenye mtihani. Alipokivuta kikae vizuri, alihisi kitu kigumu kwenye mfuko wa kushoto. Mshono ulikuwa wake. Haukuwa umeguswa. Akaufumua kwa mkasi.

Ndani ilikuwamo tisa ya kopa. Katikati yake kimeshonwa kifungo cha bluu, kwa uzi wa bluu, mizunguko mitatu.

Alikwenda kulitazama gauni. Mahali pa kifungo palikuwa na matundu mawili ya sindano tu.

Mtihani hakuufanya. Siku hizi anashona nyumbani, na nguo za binti yake zote huzitia zipu. Binti mwenyewe ni mkubwa sasa, mzima wa afya, na mcheshi kuliko mama yake. Ila kila siku ifikapo saa saba mchana huacha alichokuwa akifanya, huweka vidole viwili mezani, hugonga mara mbili, kisha hungoja. Ukimuuliza, hakumbuki. Mama huinamia cherehani yake. Pale anapogonga mbao imebonyea mahali pawili, na seremala ameshaipiga randa meza hiyo mara tatu.