Mpira wa Kupumulia wa Paskali

Asubuhi ile Raheli alimkuta mumewe, Paskali, ukingoni mwa bwawa lao la kumwagilia, kule Magamba. Alikuwa anafunga mpira mrefu wa maji kwenye dumu tupu. Kabichi zao zilikuwa zinanyauka, maana bomba la pampu lilinasa kwenye kisiki chini ya bwawa. Siku mbili wamelivuta wee, halitoki.

"Unafanya nini, Baba Glory?"

"Natengeneza kifaa cha kupigia mbizi! Dumu litaelea na mdomo mmoja wa mpira. Mwingine nitauma mimi, nishuke chini huku napumua raha mustarehe."

Jamani, Paskali huyu! Kichwa chake hakipumziki. Raheli alimpendea hilo, lakini leo moyo ulimdunda. Bwawa lile lilikuwa dogo, lakini kina chake kilimzidi mtu mzima. Alikaza khanga kiunoni, akakimbilia kwa jirani yao Omari. Binti yake Omari, Mwanaidi, alikuwa mpiga mbizi huko Tanga, na wiki hiyo yuko nyumbani likizo.

Mwanaidi alifika akihema.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuona ufundi?"

"Nimekuja. Kwanza lala hapa kwenye majani."

Paskali akalala, anacheka. Mwanaidi na Raheli wakamwekea kifuani nusu gunia la viazi, taratibu.

"Haya, vuta pumzi."

Kicheko kikakatika. "Toeni! Toeni bwana!"

"Maji nayo yanakandamiza hivyo, na kadiri unavyoshuka yanazidi," Mwanaidi alieleza. "Mapafu yanashindwa kuvuta hewa ya juu. Tena kwenye mpira mrefu, pumzi uliyoitoa unaivuta tena. Unazimia. Sisi tunabeba mtungi wa hewa iliyoshindiliwa, na kifaa kinachotupa hewa yenye nguvu sawa na ya maji. Na bado tunafundishwa kwanza, wala hatushuki peke yetu."

Paskali aliutazama mpira wake, akanywea. Mwanaidi akamwonea huruma.

"Usiache kubuni, baba. Vifaa vya kesho vinahitaji watu kama wewe. Ungependa viweje?"

Macho yakamng'aa. "Viseme kwa Kishambaa hewa ikikaribia kwisha! Na vikatae kufunguka mtu akiwa peke yake."

"Na wewe, mama?"

"Mimi nataka saa ndogo ya kuvaa huku juu," Raheli alisema. "Kila akipumua, iniguse mkono. Nijue yupo." Machozi yakamtoka.

Mchana majirani walikuja na ndoo. Walichota maji ya bwawa, wakawa wanamwagilia kabichi zilezile, mpaka kisiki kikaonekana. Paskali alilinasua bomba akiwa amesimama, maji yakimfika magotini. Kisha wakalifunga kwenye dumu lielee, lisinase tena. Bwawa lilipojaa tena pampu ikanguruma, na baada ya siku chache kabichi zikainuka.

Lakini jioni ya siku ile ya kuchota maji, Raheli alimkalisha mumewe kwenye kigoda, akamsugua tope miguuni kwa maji ya moto.

"Kabichi zikifa tutapanda nyingine," alimwambia. "Wewe nikupande wapi?"

Paskali alimshika mkono, akaendelea kuushika.