Jina la Getini

Foleni ya dirisha namba nne ilianzia kwenye ngazi, ikapinda koridoni, ikaishia kwenye kioo chenye tundu dogo la kupitishia karatasi. Watu walisimama wameshika bahasha zao kana kwamba kuzaliwa na kufa ni makosa ya kuombea radhi.

Fundi lifti alifika dirishani saa tano, ovaroli ya bluu ina grisi mpaka kwenye kola. Ilikuwa safari yake ya tatu. Karani aliyemkuta alikuwa mgeni kwake: dada mwembamba, blauzi ya rangi ya udongo, kilemba kilichofungwa kwa haraka, macho ya mtu ambaye usingizi haujawahi kumtosha.

"Jina la marehemu?"

"Ndoo."

Karani akashusha peni. "Kaka, nimehudumia watu sitini tangu asubuhi. Utani kautanie huko nje."

"Dada yangu, ningekuwa na nguvu za kutania, ningeenda kutania penye viti." Akapenyeza cheti cha kifo. "Soma mwenyewe. Baba yangu mzazi huyo. Ndivyo alivyozikwa."

Akamweleza. Zamani, baba yake alipopata kazi kiwanda cha nguo, msimamizi alikataa kuutaabisha ulimi wake kwa majina ya watu. Kila aliyeingia getini alipewa jina jipya, fupi, kutoka stoo: Spana, Ndoo, Sabuni, Ufagio. Jina likaandikwa kwenye kadi ya kazi, kadi ikazaa kitambulisho, kitambulisho kikazaa cheti cha kifo. Miaka thelathini na moja mtu mzima alivuta vumbi la pamba akiitwa chombo cha kuchotea maji, na waliomwita hivyo walistaafu kwa hotuba na picha ya pamoja.

"Mama aliniachia jina la kweli la baba," fundi alisema. "Nataka liandikwe, nilichonge kaburini. Basi."

"Sheria inataka shahidi aliyelijua kabla ya kadi. Yupo?"

"Wote wamekwisha. Labda yule karani wa getini aliyekuwa akiyaandika. Sijui hata kama yu hai."

Alikuwa hai. Alikuwa baba yake karani huyu, na asubuhi ile ile binti alikuwa amemwachia chai kwenye chupa. Binti akafungua mdomo, akaitazama mikono iliyopasuka ya yule mwanamume, akasema, "Niachie namba. Nitaulizia."

Kesho yake akapiga simu kuuliza jambo lisilohitaji kuulizwa. Keshokutwa akapiga fundi. Haukupita mwezi, kila jioni walikuwa simuni, kila mmoja chumbani kwake, miguu ndani ya beseni la maji ya moto.

"Leo umeandikisha nani na nani, laazizi?"

"Salome. Kiebrania hicho, maana yake amani. Alilia tangu mlangoni mpaka dirishani kwangu."

"Amani ya aina yake. Mwingine?"

"Petro, Kigiriki, jiwe. Zuhura, Kiarabu, nyota ile inayong'aa alfajiri. Halafu Tabu."

"Hilo halihitaji mkalimani."

"Nilimuuliza mama yake, kwa nini Tabu? Akanijibu, dada, ungekuwepo usingeuliza."

Walicheka kicheko cha watu waliochoka, kisichofika mbali. Miaka tisa dirishani, binti alimuuliza kila mzazi maana ya jina analoleta na limetoka wapi. Wengine walimnunia, wengine walimwaga machozi. Hakuna aliyemtuma. Aliona tu kwamba jina ndicho kitu cha kwanza mtu anachopewa bila kukiomba, na ndicho cha kwanza kuporwa.

"Na yule karani wa getini?" fundi aliuliza, kama kila jioni.

"Bado, mpenzi."

Kwa miezi minne jibu lilikuwa bado. Hatimaye fundi akaja Jumapili kujitambulisha nyumbani, shati la kijani kibichi limenyooshwa, viatu vinang'aa. Sebuleni, mzee alikaa kwenye kochi lililofunikwa vitambaa vya kufuma, shati lake limefungwa vifungo mpaka shingoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, baba. Hebu simama hapo kwenye mwanga." Mzee akamkagua, akatabasamu kama mtu aliyeokota chake. "Hayo mabega nayajua, yalipita getini kwangu! Wewe ni mtoto wa Ndoo!"

Fundi akamgeukia binti. Uso wa binti ukamjibu kila kitu.

"Miezi minne nakuuliza, unaniambia bado, mpenzi."

"Nilikuwa namwandaa kwanza..."

"Baba yangu yuko chini ya udongo anaitwa ndoo, wewe unaandaa!" Akachukua kofia yake. "Kumbe jioni zote hizo nilikuwa napiga simu getini."

Mlango ulipofungwa, binti hakulia. Alikaa sakafuni.

"Tangu siku ya kwanza nilikuomba uje uape, baba. Ukasema miguu."

"Miguu inauma kweli."

"Baba!"

Mzee akainamisha kichwa. "Mimi naitwa nani?"

"Kalamu."

"Nililipata getini, siku zile zile. Nikiapa kwamba Ndoo halikuwa jina, basi Kalamu nalo ni nini? Na wewe, binti Kalamu, vyeti vyako vya shule? Kazi yako?"

Binti alijua maana za majina ya nusu ya dunia. Hili la kwao hakuwahi kuliuliza. Alidhani babu alikuwa mpenda elimu.

"Nani alikupa?"

"Nilijipa. Msimamizi aliniambia chagua lolote."

"Wenzako ukawagawia ndoo na mafagio, wewe ukajichagulia kalamu."

Hakupaza sauti. Hakuwa na sauti ya kupaza. Tangu siku ile aliandaa chakula, akafua, akaaga akitoka, na zaidi ya hapo hakumsemesha. Fundi naye hakupokea simu kwa wiki tatu.

Alhamisi moja, binti aliinua macho akamwona baba yake kwenye foleni. Alikuwa amepanda ghorofa mbili na mkongojo, na alisimama nyuma ya mama mwenye mtoto mgongoni, akisubiri zamu kama wengine.

"Siwezi kumwandikisha baba yangu mzazi," binti alimwambia mama mtu mzima wa dirisha la tatu. "Mchukue wewe." Kisha akapiga simu, na mara hii ikapokewa.

"Usikate. Si kwa ajili yetu. Njoo ofisini sasa hivi, shahidi amepatikana."

Fundi akauliza, "Lifti yenu inafanya kazi?"

"Haijawahi."

"Nakuja."

Alifika akihema, bisibisi bado mfukoni. Mzee alikuwa ameshaapa.

"Marehemu aliitwa nani kabla ya kadi?" mama wa dirisha la tatu aliuliza.

Mzee akalitaja jina, lote, mpaka la babu.

"Umelijuaje?"

"Alilitamka mbele yangu. Kilugha chetu kimoja. Maana yake, tumengoja na umekuja. Kwao walizika watoto watano kabla yake."

"Kwa hiyo ulielewa," fundi alisema.

"Nilielewa neno kwa neno. Kisha nikaandika Ndoo."

Mama wa dirisha la tatu aligonga muhuri mara mbili, maana wino ulikuwa umekauka. Mzee akageuka taratibu.

"Nisamehe, mwanangu."

"Leo sina, mzee. Labda siku nyingine. Leo sina."

Fundi akaenda kukaa kwenye ngazi, karatasi mapajani. Baada ya muda binti akafunga dirisha, akaja kukaa kando yake.

"Ulimleta?"

"Amejileta. Mimi niliacha kumsemesha tu."

"Kwa nini hukuniambia siku ile ile?"

"Niliogopa hutarudi. Halafu kila siku ikanizidishia woga."

"Ulikosea."

"Nilikosea. Na simu zangu?"

"Nilizitazama zikiita, zote. Nilishachoka kukasirika, ila nilikuwa sijamaliza."

"Umemaliza?"

"Bado. Lakini sasa nataka nikasirikie nyumbani kwangu, na wewe uwepo. Tuoane."

"Ndivyo watu wanavyochumbia hivyo?"

"Waliolala vizuri wana maneno matamu zaidi." Akamshika mkono, akauacha upumzike ndani ya wake. "Fomu ya ndoa ina mstari wa jina la baba wa bibi harusi. Utaandika nini?"

Binti akatazama juu, alikokuwa baba yake akishuka ngazi moja, anapumzika, anashuka nyingine.

"Sijui," alisema. "Itabidi nimuulize alizaliwa akiitwa nani, na maana yake nini."

"Kamuulize," fundi alisema, akijisogeza ukutani kuwapisha watu wenye bahasha. "Mimi nipo hapa."