Beringi ya Kurudi

Ilikuwa imebaki beringi moja tu, kipimo kimoja cha mwelekeo wa mpaka, Godwin mpima ardhi arudi zake mjini akanywe chai.

Jua lilikuwa linazama nyuma ya migomba ya Lufingo, na ukungu ulishaanza kushuka. Mashine ya kisasa ya ofisini ilikuwa mbovu, kwa hiyo alikuja na dira ya mkononi, ile ya sindano. Haikumsumbua. Unasimama kwenye pembe moja ya shamba, unachungulia ufito ulioshikwa kwenye pembe ya pili, unasoma nyuzi. Kisha unakwenda kule, unageuka, unasoma beringi ya kurudi. Zikipishana nyuzi mia na themanini, umepima sawa. Zisipopishana hivyo, kuna chuma karibu kinachovuta sindano.

Au kuna uongo.

Na uongo ulikuwepo, tena Godwin aliujua. Shamba lilikuwa la Atupakisye, mjane wa Lutufyo. Jirani aliyegombea mpaka alikuwa Lukasi, mjomba wake Godwin, aliyemlea tangu hajajua kufunga vifungo vya shati. Huku mpaka ni sale, mmea waliopanda wazee, na asiye na haya tu ndiye huung'oa. Lukasi hakuwa nayo. Alilihamisha sale hatua arobaini ndani ya shamba la mjane, likameza michai yake, nyumba yake na kaburi la mumewe. Majani yalikuwa bado yamenyauka. Godwin aliyaona, akaendelea na kazi. Utamwambia nini mtu aliyekulea?

Atupakisye hakugombana. Alisimama mlangoni, kitenge begani, akamtazama kwa huruma iliyomuudhi.

"Wewe pima tu, mwanangu," alisema. "Mwenye shamba atakushikia ufito."

Ya kwenda, mjomba akishika ufito, ilisoma 112. Wakabadilishana nafasi. Lukasi akarudi na ufito kwenye pembe ya kwanza, Godwin akabaki penye sale lililohamishwa ili asome ya kurudi, 292. Ukungu ulikuwa umeshafika magotini.

Akachungulia. Mtu alikuwa pale, wima, kashika ufito.

340.

Haiwezekani. Akaweka panga mbali, na simu, na mkanda wenye bizimu ya chuma. Akachungulia tena.

340.

"Mjomba, umesimama penyewe?" aliuliza.

Ndipo akasikia harufu. Udongo mbichi, uliotoka kuchimbwa, kama ule wa siku ya mazishi. Akakumbuka kwamba mjomba alivaa sweta. Mtu huyu alivaa koti jeusi.

"Godwin." Sauti ya Lukasi ilitoka upande mwingine kabisa, mbali. "Mimi niko huku. Mbona hunitazami?"

Godwin hakuondoa jicho kwenye dira. Hakuweza. Alichoshika yule mtu hakikuwa ufito. Lilikuwa sale zima na mizizi yake, na udongo ulikuwa ukidondoka.

Tip... tip... tip...

Alisimama palepale sale la wazee lilipong'olewa. Koti lile Godwin alilijua, maana alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza la Lutufyo, aliyezikwa nalo.

"Umesoma?" Lukasi aliita.

Hofu na mazoea ya kumtii mjomba vilimzidi. Aliutazama mkono wake ukiandika 292, kama mkono wa mtu mwingine.

Baraza la kata likaipokea karatasi, mjane akapewa mwezi mmoja ahame. Wiki haikwisha, Lukasi alikutwa alfajiri kwenye lile shimo palipong'olewa sale la wazee, amesimama wima, macho wazi, mdomo umepinda. Hospitali walisema kiharusi. Yuko hai, ila hasemi, na ukimlaza husimama.

Njia ya mwongo ni fupi. Godwin alikwenda barazani akakiri yote. Mwenyekiti akasema aliyepima ndiye arudie, mbele ya wote, asubuhi kweupe, na beringi ikisema kweli mama atarudishiwa shamba lake.

Wakakusanyika. Godwin akavua mkanda, saa, hata viatu. Akafungua dira.

Sindano ikazunguka taratibu, ikamwelekea kifuani.

Akahamia kushoto. Ikamfuata. Akampa msaidizi wa mwenyekiti aishike, yeye akazunguka shamba lote, na sindano ikazunguka naye hatua kwa hatua. Wakaleta dira nyingine. Ikafanya vilevile. Watu wakaanza kuondoka bila kuaga, na mwenyekiti akasema karatasi ya kwanza itabaki kama ilivyo.

Godwin alipiga magoti mbele ya Atupakisye, akalia bila kuona aibu. Mama alikuwa anafunga sufuria zake kwenye kitenge.

"Inuka, mwanangu," alimwambia. "Ungeisoma siku ile, mwenye shamba alipokuwa amekushikia ufito."