Swali la Saba

Kila alasiri, wenzake walipoelekea kwenye twisheni ya Mwalimu Wagdi juu ya duka la dawa, Rawya alipanda juu ya paa la nyumba kuwalisha njiwa wa babu yake. Alisoma Kiingereza kwa sauti huku akimwaga mtama, na babu akamhoji.

"Niletee njiwa ambaye amevunjika mguu. Kwa nini nimetaja mguu?"

"Kwa sababu njiwa wako ni ishirini, babu. Nitajuaje unamtaka yupi?"

"Haya. Niletee birika, ambalo limeungua kitako."

"Birika tunalo moja tu! Hapo hukuchagua, umelisengenya bure."

Hivyo ndivyo Rawya alivyolielewa lile somo lililowatoa wenzake jasho: maneno mengine katika sentensi huchagua mmoja kati ya wengi, mengine huongeza habari tu. Darasani asingelielewa. Asubuhi Mwalimu Wagdi alifundisha kwa miayo. Alasiri, kwa waliolipa, sauti yake ilifika barabarani. Mji mzima wa Mahalla ulijua, na mji mzima ulinyamaza.

Wiki ya mtihani, Nihal, aliyekaa dawati moja na Rawya, alipoteza kijitabu chake cha twisheni. Karatasi zilisahihishwa na mwalimu mkuu mwenyewe, na matokeo yalipotoka, Rawya peke yake alipata ishirini kwa ishirini.

"Ishirini? Bila twisheni?" Mwalimu Wagdi alimkazia macho. "Kijitabu cha Nihal kiko wapi?"

"Sijakiona, mwalimu."

"Njiwa wamekifundisha kuruka!" mmoja akadakia, darasa likacheka.

Nihal hakucheka. Alichukua mkoba wake taratibu, akauhamishia upande wa pili. Hilo lilimchoma Rawya kuliko kicheko.

"Kesho njoo na mzazi," mwalimu akasema. "Mwizi wa mtihani hana nafasi katika shule hii."

Mama alikuwa zamu kiwandani, kwa hiyo alikwenda babu. Ofisini, mwalimu mkuu, Bi. Inshirah, alikuwa ametandaza karatasi zote za mtihani mezani.

"Hapa hapana la kuchunguza," Mwalimu Wagdi alisema. "Asiyekuja kwangu hawezi kujua."

"Mimi nilifukuzwa kiwandani kwa shuku kama hii," babu alisema. "Miaka arobaini imepita. Jina la aliyenishuku ninalo hapa." Akagonga paji la uso.

Bi. Inshirah aliinua karatasi moja. "Rawya, swali la saba. 'Mama yangu, ambaye anafanya kazi kiwandani, amechoka.' Maneno ya katikati yanachagua au yanaongeza?"

"Yanaongeza, mwalimu."

"Kwa nini?"

Rawya alimgeukia babu. "Mama ninaye mmoja tu. Nitachagua yupi?"

Bi. Inshirah aligeuka. "Mwalimu Wagdi, wenzake wote thelathini na mmoja wameandika kwamba yanachagua. Hebu nione kijitabu chako."

Akakifunua. Jibu lilikuwa pale: yanachagua.

"Ni makosa ya mpiga chapa," mwalimu alisema, akijifuta shingo.

"Mpiga chapa alikosea mara moja. Vichwa thelathini na kimoja je? Mtoto huyu angeiba kijitabu chako, angekosa pamoja nao. Sasa nenda ukamwombe radhi mbele ya darasa. Na kuanzia kesho, asubuhi nataka kuisikia ile sauti yako ya alasiri."

Siku ile ile, saa ya twisheni, Nihal alipanda ngazi hadi kwa njiwa. Mkononi alishika kijitabu chenye madoa ya mchuzi.

"Mama alikitumia kufunika sufuria ya maharage," alisema akiangalia chini. "Nisamehe."

"Ulihamisha mkoba wako," Rawya akasema.

"Najua."

Babu aliwatazama wote wawili. "Sikilizeni, wajukuu zangu. Anayesoma ili aelewe, hata akiamshwa usingizini atajibu. Anayekariri hubeba hata makosa ya mwenziwe. Na wewe, Nihal, kabla hujamshuku jirani, inua kwanza kifuniko cha sufuria ya kwenu." Akampa kopo la mtama. "Haya, mlishe njiwa ambaye ana njaa."

Nihal aliwatazama njiwa, wote wakimkodolea macho. "Yupi, babu?"

"Umeuliza!" babu akacheka. "Keti, somo limeanza. Hapa hatulipishi."

Rawya akasogea, akamwachia nafasi.