Maji Kwenye Mafuta

Baba yetu mdogo, Kapteni kama tulivyozoea kumwita, aliamka siku hiyo akipiga mluzi. Chuo cha maofisa wa jeshi la anga alikofundisha urubani kilikuwa kinatimiza miaka hamsini, na yeye, mstaafu mwenye maneno mengi kuliko nywele, ndiye aliyepewa kazi ya kuandika historia ya chuo. Ukurasa mmoja tu ulimbakia. Mama wa mwanafunzi pekee aliyewahi kufa chuoni angekuja saa nane mchana kuusoma, kabla kitabu hakijapelekwa kuchapwa.

Aliketi kwenye chumba cha kumbukumbu, dirisha wazi, jua likiwaka, akaandika: "Ndege ilianguka kwa uzembe wa mwanafunzi." Ndivyo alivyoandika pia kwenye ripoti, miaka thelathini iliyopita. Ulikuwa uongo, na aliujua.

Chuoni hapo, kabla ya kuruka, mwanafunzi husoma orodha ya ukaguzi kwa sauti, jambo moja moja, na mkufunzi hukagua kisha hujibu, "Nimeona." Siku ile mkuu wa chuo alikuwa na wageni, chakula kimeshapakuliwa, na Kapteni hakutaka kukosa nafasi karibu na wakubwa. Kijana alipofika kwenye mafuta, Kapteni alipaswa kukinga kidogo kwenye glasi aone kama yana maji. Hakukinga. Alijibu tu, "Nimeona," akaenda zake. Kijana akaruka peke yake. Injini ilizimika angani, Kapteni akiwa na kijiko mdomoni.

Haya ilimpanda usoni, kama kila alipokumbuka. Akaimeza. Akatia nukta.

"Maji kwenye mafuta?"

Sauti ya chini. Nyuma ya sikio. Ulimi ukamponyoka kwa mazoea.

"Nimeona."

"Umeona?"

Akageuka. Hapakuwa na mtu. Harufu ya mafuta ya ndege ilijaa chumbani.

"Umeona?"

Mlango ukafunguliwa. Karani alimwingiza mama mzee, akamwonyesha kiti, akaondoka. Mama hakukikalia. Alivuta kingine, akaketi kando ya kile kitupu.

Aliusoma ukurasa taratibu, kidole kikifuata mstari. Kisha akainamisha kichwa.

"Mwalimu, mwanangu huja kila siku saa hizi. Miaka yote hii. Huniuliza kama mwalimu wake ameona." Akashusha sauti zaidi. "Ameona nini, baba?"

Kapteni alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Sikuona, mama. Sikukagua. Kosa ni langu, nikamsingizia marehemu. Nisamehe."

"Usiniambie mimi." Mama alielekeza kidevu kwenye kile kiti kitupu. "Mwambie yeye."

Mzee mzima alikitazama kiti, kamasi na machozi vikimtoka, akanong'ona, "Sikuona, mwanangu."

Harufu ikakatika.

Mama akainuka. "Haya, twende nyumbani," alisema, na hakuwa akimwambia Kapteni.

Kitabu kilitoka na ukweli wote. Kapteni hakualikwa kwenye sherehe, wala hakuuliza kwa nini. Kile kiti bado kipo chumbani. Asubuhi iliyofuata karani alikikuta kimelowa mafuta ya ndege, pale mtu anapokalia. Amekisugua kwa sabuni, amekianika juani wiki nzima. Hakikauki.