Muhuri Usio na Pengo

Saa nne na nusu asubuhi, siku ya tatu ya kesi, mkemia wa mahakama alitoa chupa yenye sampuli ya chai kwenye kisanduku cha mbao na kuiweka mezani, mbele ya Jaji Prudence Wadham. Mdomo wa chupa ulikuwa umezibwa kwa nta nyekundu iliyogongwa muhuri wa mkaguzi wa bandari. Mkemia akavaa glavu, akashika kisu.

"Usiikate!"

Sauti ilikuwa ya Harriet Ollerenshaw, wakili wa upande wa mdai. Katika Mahakama ya Biashara ya London watu hupokonywa mamilioni kwa sauti ya upole kabisa, na wakili anayepiga kelele huonekana kama mtu aliyekuja msibani na tarumbeta. Harriet alikuwa hajapiga kelele hata mara moja katika miaka yake yote ya kazi. Jaji akamtazama juu ya miwani.

"Kulikoni, Wakili Ollerenshaw?"

"Niwie radhi, Mheshimiwa. Naomba utazame nta."

Jaji akainama, akaizungusha chupa polepole. Nta ilikuwa duara, nzima, laini pande zote.

"Jana ilikuwa na pengo," alisema.

"Na nta haioti tena kama jino la mtoto, Mheshimiwa. Hii si chupa yetu."

Nyuma yake Mama Winifred Tattersall, mteja wake, alijishika kifua. Chupa ile ndiyo iliyobeba maisha yake. Familia yake ilikuwa ikifungasha chai mjini Whitby tangu enzi za babu yake, na mwaka uliopita shehena yao kutoka Kericho, iliyopakiwa Mombasa, ilifika imelowa na kuoza. Kampuni ya Meli ya Halcrow ilidai kuwa chai ilifungwa ikiwa mbichi, ikatoa jasho yenyewe njiani. Mama Tattersall alidai kuwa bahari iliingia kupitia mfuniko mbovu wa meli. Maji ya bahari yana chumvi, jasho la chai halina, na kesi nzima ilisimama hapo. Bandarini zilijazwa chupa tatu mbele ya pande zote mbili, zikatiwa katika visanduku vitatu vinavyofanana. Kila upande ukapima yake, na kila upande, kama ujuavyo binadamu, ukapata jibu lililoupendeza. Chupa ya tatu ndiyo ingesema kweli mbele ya jaji. Bila chupa hiyo Mama Tattersall hakuwa na ushahidi, na asiye na ushahidi hurudi nyumbani mikono mitupu. Kiwanda kingefungwa kabla ya Krismasi.

Kuhusu pengo, habari yake ilikuwa hivi. Jana, baada ya chakula cha mchana, Doreen Pilbeam, mhudumu wa mahakama, aliingia huku machozi yakimlengalenga. Kizimbani alikuwa Lionel Craske, meneja wa Halcrow, ambaye ushahidi wake ulikuwa haujafika nusu. Jaji alimtoa nje kwanza, kwani shahidi hapaswi kusikia mabishano ya mawakili. Ndipo Doreen akaungama kuwa amekigonga kisanduku kwenye kona ya meza na kipande cha nta kimemeguka. Pande zote mbili zikasogea kutazama. Pengo lilikuwa ukingoni, kubwa kama ukucha, lakini kizibo kilishika vizuri. Wote wakakubali kuwa si neno, chupa ikarudishwa kisandukuni, kisanduku kikafungiwa katika kabati la ukumbini, Craske akaitwa ndani, kesi ikaendelea mpaka jioni.

Sasa jaji akamgeukia Doreen.

"Mama Pilbeam, mara ya mwisho uliliona pengo lini?"

"Leo asubuhi, saa tatu kamili, Mheshimiwa. Nilifungua kisanduku nihakikishe, maana usiku sikulala kwa aibu. Lilikuwapo."

"Kabati limefungwa?"

"Limefungwa. Ila ufunguo hukaa kwenye msumari, nyuma ya mlango wa chumba cha makoti. Kila mtu huning'iniza koti mle. Miaka yote hii hakijapotea hata kijiko, Mheshimiwa."

"Nani huingia mle?"

"Mawakili wa pande zote, wateja wao, shahidi anayetoa ushahidi, na mimi. Mgeni hawezi, mlango wa ukumbi una namba za siri. Na tangu saa tatu hajatoka mtu; mkemia kaingia sasa hivi tu, nami ndiye niliyempa kisanduku."

Julian Stroud, Wakili Mwandamizi wa Halcrow, akasimama. Alikuwa mrefu, mwenye mvi za kuheshimika, na sauti iliyoteleza kama siagi.

"Mheshimiwa, sitaki kumuumiza mtu. Ila Bibi Tattersall alionekana peke yake karibu na kabati saa tatu na nusu. Mtu mwenye kesi dhaifu anaweza kushawishika."

"Nilikuwa nikilia!" Mama Tattersall akapasuka. "Ulitaka nikalilie barabarani, we baba?"

"Mama, kaa," Harriet akamnong'oneza.

"Basi mikoba yote ipekuliwe," alisema Gurdeep Bhamra, wakili wa ofisini aliyemletea Harriet kesi hii. Alisema kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia.

"Haitapekuliwa," jaji akajibu. "Mikoba ya mawakili ina siri za wateja, na siri hizo si zangu kuzifungua. Wakili Ollerenshaw, nitajie mkoba mmoja, na sababu. Una mpaka saa nane mchana. Ukishindwa, chupa hii haina thamani kwa yeyote, na unajua hilo linamwacha wapi mteja wako. Hadi hapo, asitoke mtu. Na unajua pia sheria ya taaluma yako juu ya wakili anayemwita mtu mwizi bila msingi."

Harriet aliijua. Wakili anayemzulia mtu ulaghai huitwa mbele ya wenzake, na wengine hawarudi tena mahakamani. Mwezi uliofuata jina lake lingezingatiwa kwa cheo kile kile alichonacho Stroud. Cheo hicho hapewi mtu aliyekurupuka.

Sandwichi zililetwa kwa sinia. Harriet hakuigusa yake. Alisimama kwenye ukumbi mwembamba na Gurdeep, wakiteta.

"Ni Doreen," alisema Gurdeep. "Ufunguo wake, kabati lake. Na jana ndiye aliyeivunja nta."

"Doreen kaivunja nta, kaungama kwa machozi, halafu kaleta chupa ya bandia isiyo na pengo? Gurdeep, hata kuku angekumbuka kumegua kidogo."

"Basi Stroud. Au yule kijana wake anayembebea mafaili."

"Stroud alilitazama pengo kwa lenzi, pua yake nusura iingie kwenye nta. Angekosea hivyo?"

"Sasa nani? Kila mtu mle ndani aliliona!"

Mwisho wa ukumbi mlango ulifunguka na Lionel Craske akatoka kwenye chumba kidogo alimokuwa akisubiri kuitwa tangu asubuhi kutafuta maji ya kunywa. Mtu mnene, nadhifu, mkononi ana mkoba mkubwa wa ngozi. Mawakili wake wawili waliokuwa karibu wakageukia ukutani mara moja, wakaanza kusoma tangazo la moto. Doreen akampisha akitazama viatu vyake. Craske akajaza bilauri yake, akarudi zake bila kuambulia hata "habari za mchana."

"Maskini," Gurdeep alisema. "Kama ana upele."

"Ndiyo sheria. Shahidi akishaanza ushahidi haongei na mtu juu ya kesi mpaka amalize. Wakili wake mwenyewe akimuuliza tu kesi inaendaje, amevunja..."

Hapo Harriet akaushika mkono wa Gurdeep kwa nguvu mpaka sandwichi ikaanguka.

"Umesema kila mtu mle ndani aliliona pengo."

"Ndiyo."

"Nani hakuwa mle ndani?"

Gurdeep akautazama mlango wa chumba cha Craske. Kisha akaanza kucheka taratibu, kicheko cha mtu aliyemwona panya akiingia mtegoni kwa miguu yake mwenyewe.

Saa nane kamili Craske alirudishwa kizimbani. Aliketi, akaweka mkoba wake katikati ya miguu. Mezani mbele ya jaji kisanduku kilikuwa kimefunikwa kitambaa. Harriet alisimama bila karatasi yoyote mkononi.

"Bwana Craske, tangu jana umelala vizuri?"

"Vizuri, asante."

"Kuna mtu yeyote aliyezungumza nawe juu ya kesi hii tangu uanze ushahidi?"

"Hapana, wakili." Craske akatabasamu. "Naijua sheria. Hata salamu nimenyimwa."

"Wala mawakili wako?"

"Hata mmoja. Unaweza kuwauliza."

"Nitawauliza." Harriet akamgeukia Stroud. "Msomi mwenzangu anaweza kuisaidia mahakama?"

Stroud alisimama polepole. Harriet alikuwa amekula naye katika bwalo moja la mawakili tangu akiwa mwanafunzi. Wamegombana juu ya kila kitu, kuanzia mikataba hadi mapishi ya bata. Alijua kwamba mtu huyu angemnyoa bila maji kwa hoja, lakini asingemdanganya jaji.

"Mheshimiwa," alisema Stroud, "nimewauliza watu wangu wote mmoja mmoja. Hakuna aliyeongea na shahidi. Nalithibitisha hilo kwa heshima yangu." Alipokuwa akiketi, uso wake ulianza kubadilika. Alikuwa amekwisha kuona hoja inakoelekea.

"Asante. Bwana Craske, jana mchana ulitolewa nje kwa muda. Unajua ni kwa nini?"

"Sijui. Mabishano ya kisheria, nadhani."

"Hujui hata sasa?"

"Nitajuaje? Hakuna anayesema nami!"

"Kweli kabisa. Basi niruhusu nikueleze. Jana mchana muhuri wa chupa ulimeguka. Waliokuwa humu wote waliona: jaji, mawakili, wateja, mhudumu. Leo saa tatu pengo bado lilikuwapo. Saa nne na nusu tumefungua kisanduku, tukakuta chupa yenye muhuri mzima."

Akakivuta kitambaa. Craske aliitazama nta, na tabasamu likabaki usoni peke yake, macho yameshaondoka.

"Aliyeibadilisha alikuwa na kisanduku kama hiki. Vilikuwa vitatu, na kimoja kilikuwa chenu. Alibadilisha kisanduku kwa kisanduku, hakuthubutu kupoteza muda kuvifungua. Na aliamini muhuri wa kweli ni mzima. Bwana Craske, katika watu wote wenye njia ya kulifikia kabati lile, ni mmoja tu aliyeweza kuamini hivyo. Ni yule tuliyemtoa nje, tukakatazwa kumwambia."

"Huo ni upuuzi! Mtu yeyote angeweza—"

"Mtu yeyote angejua. Sheria ile uliyoitumia kama koti la mvua, watu wasikusogelee wala kukutazama, ndiyo iliyokuacha gizani. Mheshimiwa, ulinitaka nitaje mkoba mmoja na sababu. Naomba ule ulio katikati ya miguu ya shahidi."

Craske akaukumbatia mkoba kifuani.

"Una nyaraka za kampuni! Stroud, sema kitu! Unalipwa ufanye nini?"

Stroud alisimama kwa mara ya pili. Safari hii siagi ilikuwa imekwisha kwenye sauti yake.

"Mheshimiwa, sina pingamizi. Bwana Craske, fungua mkoba."

Hakuufungua. Ni Doreen Pilbeam aliyepanda kizimbani, akaupokea mkoba kutoka kwenye mikono iliyolegea, akatoa kisanduku cha mbao, na ndani ya kisanduku chupa. Aliiinua juu ili wote waone. Ukingoni mwa nta kulikuwa na pengo, kubwa kama ukucha.

"Ndilo lenyewe," alisema, na safari hii machozi yake yalikuwa ya furaha. "Pengo langu!"

Ukumbi mzima ukacheka, na jaji, aliyejulikana kwa kutocheka, akajificha nyuma ya leso.

Craske aliketi kama gunia lililoachiwa kamba. Jaji alimwonya kuwa halazimiki kusema neno, lakini maneno yalikuwa yamemjaa.

"Ule mpira wa mfuniko," alisema. "Fundi aliniandikia mara mbili kuwa umechakaa. Nikasema meli iende, tutabadilisha ikirudi. Wakuu wangu hawakujua. Niliahidiwa kiti cha ukurugenzi Januari. Ingejulikana ni mimi..." Akafuta jasho. "Nta yenyewe ilikuwa kazi rahisi. Muhuri huchongwa popote. Nilidhani nimefikiria kila kitu."

"Ulifikiria kila kitu ulichokijua," alisema Harriet, bila ukali.

Polisi wawili walipomtoa, watu walimtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu jana.

Kisha mkemia akavaa glavu tena. Akakata nta, akachota chai kidogo iliyooza, akaisuuza katika maji safi na kuyachujia katika bilauri. Akachukua tone moja la dawa ya madini ya fedha, ya kupimia chumvi, na kulidondosha ndani ya bilauri. Katikati ya maji yale ya kahawia likatokea wingu jeupe, likatanuka, likashuka mpaka chini.

"Chumvi," alisema mkemia. "Nyingi sana. Hii ni bahari, Mheshimiwa."

Stroud alimwinamia Harriet. Mawakili wa London hawapeani mikono wao kwa wao, ni mwiko wa zamani, lakini mzee yule alinyoosha wake hadharani, na Harriet akaupokea.

"Mwezi ujao," alisema Stroud kwa sauti ya chini, "wakiniuliza juu ya jina lako, nitajua la kuwaambia."

Harriet akageuka kumtafuta mteja wake. Mama Winifred Tattersall alikuwa amesimama mbele ya meza ya mkemia, miwani imemshuka puani, akiitazama ile bilauri ya kahawia iliyogeuka nyeupe. Wafanyakazi wake sitini walikuwa wakingojea simu yake Whitby. Akavuta pumzi ndefu, akafuta macho kwa kiganja.

"Mwanangu," alimwambia Harriet, "miaka yote nimefungasha chai, na sijawahi kuona kikombe kilichotiwa maziwa kikapendeza hivi."