Meno ya Kwenye Picha

Foleni ya studio ilifika mpaka mlangoni, kwa sababu kampuni tatu za jengo lile zilitaka vitambulisho vipya siku moja. Katikati ya vurugu hiyo akaingia fundi wa lifti, ovaroli yake ya bluu imepigwa pasi kama anakwenda harusini. Akakaa kwenye stuli, akafumba mdomo kwa nguvu.

"Kaka, unapigwa picha, hukamatwi," binti mpiga picha akamwambia.

Fundi akaangua kicheko bila kujiandaa, na kamera ikalia. Ndipo binti alipoona kilichokuwa kimefichwa. Meno yamepangika vizuri, ila yana michirizi ya kahawia, ile inayoachwa na maji ya kisima kwa mtu aliyeyanywa tangu utotoni. Fundi akaziba mdomo kwa kiganja.

"Hiyo ifute, dada. Tafadhali."

"Nimefuta."

Hakufuta. Nakuambia mapema, usije ukasema nilikuficha.

Tangu siku hiyo lifti ya jengo ikaanza kuhitaji ukaguzi mara tatu kwa wiki. Simu ya studio nayo haikupumzika.

"Mpenzi, nimekwama ghorofa ya nne."

"Umekwama vipi, na fundi ni wewe?"

"Nimekwama kwa mawazo. Njoo uniokoe."

Wakapendana miezi minane. Alipotimiza miaka ishirini na saba, binti alivaa gauni la rangi ya haradali, na shangazi yake, mwenye studio, akawapiga picha wamekumbatiana, wote wawili wanacheka. Kesho yake binti akaisafisha kwenye kompyuta pamoja na picha nyingine arobaini za wateja. Futa chunusi, lainisha paji la uso, ng'arisha meno, inayofuata. Akaitia kwenye fremu, akampa mpenzi wake. Fundi akaitazama kwa muda mrefu, akasema ahsante.

Hapo ndipo balaa lilipoanza. Wiki tatu baadaye meno ya fundi yalikuwa yanang'aa. Michirizi ilibaki, lakini umanjano wa chai ulikuwa umeondoka. Kwenye kola yake kulikuwa na doa la kijivu, kama udongo. Kisha ujumbe ukaingia kwenye simu yake mbele ya binti, kutoka namba isiyo na jina: "Asubuhi na jioni, usikose. Utanishukuru." Fundi akaigeuza simu haraka. Haraka mno.

"Shangazi, mwanamume akianza kujipenda ghafla kuna nini?"

"Kuna kioo kipya nyumbani."

"Au kuna mtu mpya!"

"Si umuulize?"

"Nikimuuliza ataniona nina wivu."

"Kwani huna?"

"Ninao mpaka kwenye kucha!"

Alikuwa nao kweli. Alisafisha meno ya maharusi siku nzima huku akijiuliza, mtu anasugua meno hivyo ili amchekee nani?

Jibu alilipata Ijumaa mchana, au alidhani amelipata. Kwenye duka la juisi mkabala na jengo, fundi alikuwa amekaa na dada mmoja mrembo mwenye koti jeupe, na mkononi ameshika glasi imejaa barafu. Barafu! Mtu ambaye kwa miezi minane alikataa chochote cha baridi, ati meno yanauma, mpaka binti wa watu akawa anambebea maji ya vuguvugu kwenye chupa kama anamlea mtoto mchanga.

"Kwangu vuguvugu, kwa mwenzangu barafu!" akafoka, duka zima likageuka.

"Dada, huyu ni mteja wangu tu," mwenye koti akasema.

"Mteja wa nini? Wa kuchekewa?"

Yule dada akaweka kikopo mezani. Ndani yake mlikuwa na dawa nzito ya meno, ya kijivu. "Mimi nauza kwenye duka la dawa. Hii ni ya madini, udongo laini na kalsiamu. Inang'arisha polepole na kuimarisha meno. Nilikuwa namkumbusha kwa simu. Leo nimemwambia ajaribu baridi, na haumii tena. Ila hiyo michirizi nilishamweleza, haiondoki kwa dawa hii. Na tangu akae hapa anakuongelea wewe tu, mpaka nimechoka."

Binti angeishia hapo angekuwa na busara. Lakini wivu ukishapanda, haushuki kwa ngazi.

"Basi niambie," akamgeukia fundi, "unamsafishia nani hayo meno?"

Fundi akafungua mkoba wa kazi, akatoa picha yao, imeshatolewa kwenye fremu.

"Huyu hapa."

"Huyu ni wewe!"

"Mimi sina meno haya. Umemkumbatia mwanamume mwingine, halafu ukaniletea nimtundike ukutani kwangu. Kila asubuhi nasugua meno huku ananicheka. Namwonea wivu mtu asiyekuwepo. Unajua ilivyo aibu?"

Akaondoka. Picha ikabaki mezani, na binti akaitazama kama ameisafisha mtu mwingine. Mkono wake ulikuwa umezoea tu. Ulimfuta mpenzi wake bila hata kumuuliza mwenyewe.

Siku mbili simu haikupokelewa. Jumatatu asubuhi binti akaingia kwenye lifti, akabonyeza kengele ya dharura.

"Lifti namba mbili," ikaja sauti anayoijua. "Umekwama?"

"Nimekwama."

"Ghorofa ya ngapi?"

"Ya chini. Mlango uko wazi."

Kisha zikasikika buti zikishuka ngazi, si polepole.

Alipofika, binti akavua kitambulisho chake cha kazi shingoni, na nyuma yake akachomoa picha ndogo iliyochakaa pembe. Ovaroli ya bluu, kicheko kikubwa, michirizi yote ipo.

"Ulisema umeifuta."

"Nilikudanganya. Nimeivaa tangu siku ile. Huyu ndiye niliyempenda. Yule mwingine ni kazi ya mkono wangu, nisamehe."

Fundi akaishika picha. Mdomo ukamcheza, akajizuia, akashindwa, akacheka wazi bila kiganja.

"Dawa siiachi, lakini," akasema. "Juisi ya baridi ni tamu, mama!"

"Usiache. Ila maji yangu ya vuguvugu umeyakosa milele."

"Basi nipige nyingine. Nataka ya kumtangulizia baba yako, ajue sura ya anayekuja kuposa."

Akapigwa, meno nje. Picha ikatokea kwenye kompyuta, na mkono wa kulia wa binti ukaanza kwenda wenyewe kule ulikozoea. Akauvuta, akaukalia.

"Shangazi," akaita, "njoo uichape wewe."